Digrii Mia Tisa na Hamsini

Watu waliojaa ukumbini asubuhi ile hawakuja kwa ajili ya sayari. Sayari gani? Wengi wao waliposikia neno Mercure walidhani ni zebaki, ile dawa ya wachimba dhahabu wa Mongbwalu, wakashangaa binti mzima kukaa shuleni miaka mitano kwa jambo ambalo wachimbaji wanalijua bila diploma. Walikuja kuona ugomvi. Habari ilikuwa imezagaa toka mtaa wa Lumumba mpaka sokoni kwamba Ketsia, binti wa Mama Suzanne, atasimama mbele za watu kutetea tasnifu yake na kusema Profesa Tharcisse alikosea.

Bunia, mji wa mashariki ya Kongo, mwaka 2014 ilikuwa na amani, ndiyo, lakini ile amani ya kulala umevaa viatu. Katika vita ya makabila mawili Ketsia alikuwa wa upande mmoja, profesa wa upande wa pili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ndugu wanne wa profesa waliuawa na kuzikwa kijijini Bogoro wakati wa vita, mwaka 2003. Baba yake Ketsia aliuawa mjini mwaka uleule, na waliomwua hawakutoka mbali. Basi ukumbi ukajigawa wenyewe, wa Ketsia kushoto na wa profesa kulia, bila mtu kuwapangia viti.

Ketsia hakumpenda yule mzee hata chembe, na tusifichane. Ndiye peke yake chuoni aliyejua mambo ya sayari, kwa hiyo ndiye aliyepewa kuisoma tasnifu ya Ketsia, penda usipende. Kila ukurasa ulirudi umejaa wino mwekundu. Hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Mademoiselle, bibie kwa Kifaransa, kama mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mercure, sayari iliyo karibu zaidi na jua, haina hewa kama yetu. Juu ya udongo wake kuna sodiamu kidogo sana, chembe zilizotawanyika mno. Siku zile kulikuwa na chombo cha anga kikiizunguka sayari hiyo, na vipimo vyake vilikuwa wazi kwa yeyote mwenye subira. Ketsia alikuwa nayo. Alikaa kwenye cyber ya mjini akivuta faili moja kwa saa nzima, siku ambazo mtandao ulikubali. Kutokana na jinsi sodiamu ile inavyopungua kadiri unavyopanda juu, alikokotoa joto lake akapata digrii elfu moja na mia mbili, kwa kipimo cha Kelvin. Katika tasnifu aliyoiandika Tharcisse huko Ulaya miaka ishirini nyuma, sodiamu ileile ilikuwa na mia saba tu, sawa na udongo ulio chini yake.

Chuo kimoja cha Ubelgiji kilikuwa kimempa Ketsia nafasi ya kuendelea. Kilitaka kitu kimoja: hati yenye saini za wanajopo wote watatu wa kuamua tasnifu yake, itumwe kabla ya jioni ile. Ikikosekana saini moja, nafasi inakwenda kwa mwingine. Mwanajopo wa upande wake alikwisha kutia saini kabla hata hajasikiliza, na Ketsia alijua si kwa ajili ya sodiamu. Walibaki Tharcisse na Doyen Michel, mkuu wa kitivo na mwenyekiti wa jopo, mtu wa Kisangani asiyekuwa wa huku wala wa kule.

Ketsia alieleza kazi yake kwa dakika arobaini. Tharcisse hakuuliza swali. Alisema tu kwamba namba ile haiwezekani, na kwamba Mademoiselle angefanya vizuri kujifunza kwanza kabla ya kufundisha wakubwa. Ketsia akajibu kwamba ukubwa haupimwi kwa Kelvin. Upande wa kushoto walicheka, upande wa kulia wakasimama. Kijana mmoja akapiga kelele kwamba watu hao hawakutosheka na Bogoro. Doyen akagonga meza, akawachukua wagomvi wake wawili ofisini na kufunga mlango.

Doyen Michel alikuwa na sifa moja mjini. Baada ya vita alikaa katika kila kamati ya upatanisho. Watu wakigombea shamba, alikata katikati. Wakigombea ng'ombe kumi, watano huku, watano kule. Hata alama za wanafunzi pale chuoni zilitolewa hivyo hivyo, walimu wa pande mbili wakikosana. Kusema kweli, njia hiyo ilikuwa imeokoa watu wengi. Sasa akakaa, akapangusa jasho na kuchukua karatasi tupu.

"Yeye anasema sept cents, weye unasema mille deux cents," alisema. "Siye wote tunatafuta amani. Tunakata katikati: neuf cent cinquante, mia tisa na makumi tano. Muandike ile, muweke saini, kila mutu arudie kwake."

Alisema kwa upole, na hakuwa anatania. Ketsia akamtazama, kisha akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Alifikiri kwamba namba moja si kitu, kwamba akifika Ubelgiji ataisahihisha, kwamba nje kuna mama yake pamoja na vijana waliosimama tayari kupigana. Akachukua kalamu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini mkono ulikuwa tayari juu ya karatasi.

"Mademoiselle," alisema Tharcisse. "Uko unajua kama hii namba iko ya uongo, na uko unaweka saini?"

Alilisema kwa dharau tupu. Ketsia alihisi chuki safi, chuki ya miaka yote ile, na ndiyo iliyomwinua mkono.

"Iko ya uongo," alisema, akaitupa kalamu mezani. "Ni yangu ao ni yako. Katikati hakuna kitu."

Doyen akaanza kuwasihi, mara huyu, mara yule. Hawakumsikiliza. Tharcisse alivuta kiti akaamuru aonyeshwe, na Ketsia, kwa hasira, akaonyesha. Hesabu ya profesa, alisema, ilichukulia kwamba chembe zinagongana na kugawana joto mpaka zinakuwa sawa na udongo, kama watu wanavyopigana vikumbo sokoni siku ya soko. Kule hazigongani. Mwanga wa jua unang'oa chembe moja udongoni, inaruka na joto lake yenyewe, inapanda na kuanguka bila kukutana na nyingine.

Tharcisse alivaa miwani akaanza kuandika nyuma ya makaratasi ya Doyen. Aliandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Mara moja aliuliza faili fulani ilitoka wapi, na Ketsia akamjibu. Kisha mzee akaacha kuandika. Alikaa akiitazama karatasi, na uso wake ukawa wa mtu aliyepokea habari ya msiba. Akavuta ile hati ya Ubelgiji, akatia saini chini ya elfu moja na mia mbili, akamsukumia Doyen, naye akatia.

Doyen alimshika mzee mkono mlangoni, akamwomba asitaje kosa, aseme tu kwamba wameelewana. Tharcisse akajinasua. Alisimama mbele ya ukumbi akasema kwamba tasnifu yake ina kosa, kwamba binti huyu amelipata, na kwamba namba yake ndiyo ya kweli. Upande wa kulia waliondoka mmoja mmoja bila kumwangalia. Mmoja wao alitema mate kizingitini.

Mama Suzanne alimkimbilia profesa machozi yakimtoka, akataka kupiga magoti mbele yake. Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, usinishukuru," alisema. "Kama mutoto wako angekosa, ningemuangusha leo, na ningefurahi sana."

Akashuka ngazi peke yake. Ketsia alibaki na hati mkononi, na alimwamini mzee yule kila neno. Katika saini zile tatu, moja ilikuwa ya kabila na moja, ya Doyen, ilikuwa ya amani. Ile ya adui yake tu ndiyo ilikuwa ya kazi yake.