Picha Aliyoifuta Adija

Adija alianza kupiga picha za chakula mwaka ambao binti yake wa mwisho, Firdausi, alikwenda kusoma chuo Dodoma. Nyumba yao ya Kasulu, nyuma ya duka la vitenge la mumewe Dadi, ilibaki na watu wawili wasiokuwa na mengi ya kuambiana. Siku moja Firdausi akamwandikia: "Mama, umepika nini leo? Nipigie picha nione." Adija akapiga. Ikatoka nyeusi, sahani haionekani, kivuli cha kichwa chake kimeufunika wali wote. Firdausi akacheka. Adija akaona haya, na kesho yake akapiga nyingine.

Baada ya miezi minane alikuwa amejifunza mengi bila kufundishwa na mtu. Alijua kwamba saa kumi alasiri jua linaingia kwenye dirisha la jiko lake na kukaa juu ya meza kwa muda wa kukaanga kitunguu. Alijua mawese yakiwa baridi ni mekundu mazito, na yakishika moto yanageuka rangi ya chungwa, na kwamba hapo katikati ndipo pa kuyapiga picha. Vyakula hivi alikuwa amevipika miaka ishirini na tatu bila kuvitazama. Sasa alikuwa akisimama na mwiko mkononi, akishangaa bilinganya.

Picha zake alizituma kwenye kundi la simu la akina mama wa mjini, na huko wakaanza kumwita mpiga picha wetu. Alijifanya kulidharau jina hilo, lakini kila jioni alihesabu waliompongeza, na ambaye hakuandika kitu alimkumbuka.

Jirani yake alikuwa Ange, fundi cherehani, mdogo kwake kwa miaka kama kumi. Wazazi wa Ange waliingia kutoka Burundi zamani, naye alizaliwa huku, raia kama wengine. Alikuwa na kitochi tu cha kupigia na kupokea. Wawili hao walipika pamoja karibu kila Jumamosi. Adija alimfundisha pilau ya kwao Pangani, na Ange akamwonyesha namna ya kutwanga isombe, lile jani la muhogo, mpaka lilainike vizuri kabla ya kuona moto. Adija akipiga picha, Ange alishika sahani na kuuliza, "Niinamishe hivi, dada?" Adija alimpenda sana katika siku hizo.

Mwezi wa sita mama yake Ange, bibi Niyubahwe, alikuja kutoka Murungu, upande wa Kibondo, kuangaliwa macho. Jumamosi hiyo aliketi kwenye ua wa Adija akimenya mihogo kwenye beseni alilokuja nalo kutoka kwao. Adija alikuwa ndani akipanga sambusa zake kwenye sahani nyeupe, akizigeuza huku na huku, na simu iko juu ya meza.

"Dada, niazime simu kidogo," Ange alisema mlangoni. "Nimpige mama picha."

"Chukua. Bonyeza hapo pa duara."

Ange akatoka. Kikasikika kicheko cha bibi, na Ange naye akacheka. Akarudi, akaweka simu mezani. Alikuwa amepiga picha moja.

"Imetoka?" akauliza.

Adija akaitazama. Kwanza hakuelewa anachokiona, kisha akaisogeza simu karibu na macho. Bibi alikuwa ameketi pembeni kidogo, si katikati ambako Adija angemweka. Mikono yake ndiyo iliyokuwa katikati, na muhogo mweupe, na ganda lake la ndani lenye rangi ya waridi likining'inia kama utepe. Beseni la bluu. Kitenge cha njano. Uso ulikuwa umeinuka, mdomo wazi, jicho moja limefumba kwa kicheko. Ukiitazama ulitaka kujua bibi amechekeshwa na nini. Katika picha zote za Adija, hakuna iliyokuwa imemfanya mtu atake kujua chochote.

"Imekaa gizagiza," Adija akasema.

"Basi hivyo hivyo. Utanitunzia, dada. Nikipata simu ya maana utanitumia."

"Nitakutunzia."

Jioni Dadi alipoketi kula, Adija alimpa simu aone sambusa. Dadi hakuwa mtu wa kusifu. Alipitisha kidole kwenye sambusa, akapitisha kwenye sambusa nyingine, kisha kidole kikasimama kwenye picha ya bibi. Akaacha kutafuna.

"Hii sasa," akasema. "Leo umepiga picha."

Adija angeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabla Dadi hajaendelea. Alisema, "Asante."

"Tuichapishe, niitundike dukani. Hata rangi za vitenge zitapendeza chini yake."

Usiku huo Adija alilala vibaya. Asubuhi, Dadi alipokwenda dukani, aliifungua tena picha ile akiwa na nia ya kuitafutia kasoro. Akaona kidole gumba cha bibi kilivyoukandamiza muhogo, na mwanga ulivyopita kwenye tone la maji ukingoni mwa beseni. Yule mtu hajawahi kushika simu ya picha maishani mwake, akawaza. Hakungoja saa kumi wala hakusogeza kitu. Ametoka nje tu, akabonyeza pa duara.

Akaifuta. Kisha akaenda pale simu inapotunza vilivyofutwa, akaifuta na huko. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akakubali. Dadi alipoulizia, akamwambia imefutika kwa bahati mbaya. Dadi akasikitika kuliko Adija alivyotarajia, na masikitiko yale yakamuuma kama matusi.

Jumamosi zilizofuata alianza kuwa na udhuru. Mara kichwa kinauma, mara anakwenda sokoni. Ange alikuja mara tatu akamkuta hayupo, naye alikuwapo, amekaa chumbani na mlango umefungwa. Mwisho Ange akaacha kuja.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeshika, bibi Niyubahwe alifariki kwao Murungu. Ange alikwenda kuzika, na siku ya nne akampigia Adija.

"Dada, pole na kazi. Nina shida moja." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ile picha ya mama. Hatuna nyingine. Ipo ya kitambulisho, lakini kaka Ndayiragije anasema ile siyo mama, ni mtu aliyeogopeshwa. Jumamosi tunamaliza matanga, watu wanataka kumwona. Unaweza kuichapisha hapo mjini umpe dereva wa basi?"

"Nitaitafuta," Adija akasema.

Alikwenda kwa fundi wa simu karibu na stendi. Kijana akaichomeka simu kwenye kompyuta, akatazama kwa muda mrefu, akamrudishia. "Mama, hii haikupotea. Ilifutwa kwa mkono, halafu ikafutwa tena. Hakuna kitu cha kurudisha."

Alitoka pale akatembea mpaka dukani. Wateja walikuwapo, akangoja. Walipoondoka, akamwambia Dadi kwamba picha aliyoisifu aliipiga Ange, na kwamba haikufutika yenyewe. Dadi alikuwa akikunja kitenge. Alikikunja mpaka mwisho, akakiweka kwenye rafu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu mimi nimehangaika miezi minane, na yeye dakika moja. Na wewe ukaiona tofauti yake na zangu."

Dadi akavuta kitenge kingine, hakukikunja. Kisha akasema, "Nenda mwenyewe. Usimpigie simu kwa neno kama hilo."

Alipanda basi la asubuhi ya Ijumaa mpaka Kibondo, na kutoka pale bodaboda mpaka Murungu, kilo kumi za mchele mapajani na mwavuli usiofunguka vizuri. Ua wa msiba ulikuwa umejaa matope na akina mama. Ange alikuwa kwenye banda la kupikia, anachochea kuni chini ya sufuria kubwa ya maharage. Alipomwona, akainuka, uso ukafunguka.

"Dada umekuja wewe mwenyewe. Umeileta?"

"Sikuileta, Ange. Niliifuta."

"Bahati mbaya?"

"Hapana. Niliifuta kwa makusudi, siku ya pili yake. Ilikuwa nzuri kuliko zangu zote, na Dadi akadhani nimepiga mimi, nikanyamaza. Nilikuonea wivu. Nimekwenda kwa fundi, amesema hairudi."

Ange alimtazama. Kaka yake Ndayiragije, aliyekuwa akipasua kuni karibu na banda, alishusha shoka. Mama mmoja mzee akauliza kwa Kirundi kuna nini.

"Uliniambia ina giza," Ange akasema.

"Nilikudanganya."

Ange akageuka, akayakoroga maharage pole pole, mara nyingi kuliko yalivyohitaji. Adija akabaki amesimama na mchele wake. Aliona Ange akijifuta macho kwa nyuma ya kiganja, labda moshi, labda si moshi.

"Haya, niambie ilivyokuwa," Ange akasema bila kugeuka. "Mimi niliibonyeza tu. Wewe ndiye uliyeitazama."

Adija akaanza kwa kusitasita. Akasema bibi alikuwa amekaa pembeni, na mikono yake katikati. Akasema muhogo ulikuwa mweupe sana kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake, na ganda limening'inia, la waridi. Beseni la bluu lilikuwa na ufa.

"Lile la kishikio kimoja," Ndayiragije akasema. Alikuwa amesogea.

"Hilo. Na alivaa kitenge cha njano chenye ndege."

"Si ndege," Ange akasema. "Ni majani."

"Majani. Alikuwa ameinua uso, jicho la kushoto limefumba. Meno yanaonekana. Kwenye kidole hiki alikuwa amefunga uzi mweusi."

"Alijikata akivuna," Ange akasema. Sasa alikuwa amegeuka. "Na alikuwa ananicheka mimi. Nilishika simu juu chini, akasema mwanangu anapiga picha ardhi."

Yule mzee akataka kuelezwa, na Ndayiragije akamweleza kwa Kirundi, rangi moja baada ya nyingine. Wanawake wengine waliacha kuchambua mchele, wakasogea. Wakataka tena habari ya jicho, na Adija akairudia. Akajikuta anakumbuka zaidi ya alivyodhani. Aliikumbuka kwa sababu alikuwa ameikodolea macho kwa chuki, akitafuta kosa.

Alipomaliza, Ange alisema kwa sauti ya chini, ya kumfikia yeye peke yake, "Uliona yote hayo, na bado ukaifuta."

"Ndiyo."

Ange akatikisa kichwa. Hakusema amemsamehe, wala hakumfukuza. Alimwonyesha pa kuweka mchele, akampa kisu na kapu la vitunguu. Adija akakaa kwenye kigogo, akamenya pamoja na wengine mpaka mvua ikaanza, na kesho yake baada ya matanga akarudi Kasulu.

Ange alirudi kwenye cherehani yake baada ya mwezi. Wanasalimiana. Siku ya Idi Adija alimpelekea pilau, naye akarudisha sahani ikiwa na ndizi, kama ilivyo adabu, lakini jikoni kwa Adija haingii tena. Mwaka uliofuata alinunua simu kubwa. Kuna mtu akamwingiza kwenye lile kundi la akina mama, na kuanzia hapo yakaanza kuja maajabu: dagaa kwenye ungo, mvuke wa ugali wa muhogo ukipita mbele ya uso wa mtoto, mkono wa mteja ukipapasa pindo la gauni. Sasa mpiga picha wetu ni yeye.

Wiki iliyopita Firdausi alipiga simu kutoka Dodoma. Adija alikuwa anakaanga ndizi.

"Mama, umeziona picha za Ange? Ile ya dagaa nimeiweka hata kwenye simu yangu."

"Nimeiona."

Firdausi alikuwa amekwisha simuliwa yote. "Bado unamwonea wivu?"

"Namwonea," Adija akasema. "Tena leo zaidi ya jana. Subiri nigeuze ndizi."