Mbweha Aliyeatamia Rozimari

Bi Alka, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Hayes, ughaibuni, anaapa kwamba alfajiri ya Jumatano alimwona mbweha amekaa juu ya rozimari yangu kama kuku anayeatamia. Ati alisikia chungu kinaanguka, akachungulia dirishani, akamkuta na theluji mpaka masikioni. Akagonga kioo. Mbweha akamtazama, akapiga chafya, akaenda zake.

"Na mti wako umekufa, binti. Pole sana."

Alinidaka na habari hizo mlangoni, natoka kazini, hata koti sijavua. Ya mbweha niliyaacha. Ya kufa ndiyo yaliyonipeleka mbio uani.

Jumamosi ile wifi yangu Haifa alikuwa anaolewa. Niliahidi mbele ya watu kwamba kikuba chake, kile kishada cha maua cha kifuani, nitakifunga mimi, kwa asumini na kitu nilichokiotesha kwa mkono wangu. Kwetu Wete ningechuma mrehani. Hapa, mwezi wa pili, mrehani wa dukani unageuka mweusi kabla hujapanda basi. Nikasema nitatia rozimari, kile kiungo chao cha nyama, maana hiyo hukaa nje baridi yote na majani yake.

Haifa, mzaliwa wa hapa hapa, alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, please! Ninuke kama kuku wa kuoka siku ya harusi yangu?"

Mwaka uliotangulia nilikuwa na rozimari nyingine, nikaimwagilia asubuhi na jioni, kama mama anavyomwagilia mrehani wake. Ikafa mwezi wa kwanza. Nilipoing'oa, mizizi ilinuka mtaro. Haikuuliwa na baridi, niliizamisha mie. Basi hii ya pili niliichanganyia mchanga mwingi, chungu nikakipandisha juu ya matofali mawili, kando ya ukuta unaopigwa na jua. Maji sikuipa mpaka nitie kidole nikute pakavu. Bi Alka alikuwa akinisema kila siku kutoka upande wake: "Unaitesa kwa kiu, wewe! Hata ngamia hunywa!"

Sasa chungu kilikuwa kimelala ubavu, matawi yamelemewa na theluji. Nilikisimamisha, nikapangusa theluji polepole kwa kiganja, tawi moja moja. Nikakwaruza la kwanza kwa ukucha. Ndani kahawia, kavu. La pili, kahawia vile vile. Nikashuka chini, karibu na shina, nikakwaruza tena.

Kijani! Kibichi, chenye maji!

"Bi Alka! Bi Alka, njoo!"

Alikuja na ndara za ndani, theluji yote ile. Nikamwonyesha. Tukainama pamoja, na ndipo yeye alipoviona kabla yangu: upande uliokuwa umelalia ukuta, vijiua vya buluu, vidogo kama punje za mtama, vinane au tisa, vimefunguka.

"Si nilikwambia?" akasema, mkono kifuani. "Aliatamia vizuri."

Nilicheka nikalia hapo hapo. Nikamkumbatia bibi wa watu, karibu nimwangushe.

Ijumaa Bi Alka alinipitia sokoni Southall, akaniletea asumini mbichi ndani ya kitambaa kibichi. Nikakaa jikoni nikafunga: asumini, kitawi cha rozimari na maua yake, asumini tena. Uzi ukanikatikia mara mbili.

Haifa alikuwa sebuleni kwangu, boksi la maua ya plastiki aliyojinunulia badala ya kikuba limefunguliwa mapajani. Nikaingia, Bi Alka akanifuata nyuma, akasimama mlangoni.

"Haifa, usiseme kitu kwanza," nilimwambia, nikamwekea kikuba kiganjani. "Nusa. Halafu, nakuomba, kesho ukivae hiki."

Alikishika kwa vidole viwili, akakisogeza puani, akafumba macho. Akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi.

Mimi na Bi Alka tulibana pumzi zetu mpaka alipolifunga lile boksi la plastiki.