Betri Juu ya Bati

Wabwire aliinua pasi kutoka kwenye suruali nyeupe na kuishikilia hewani, makaa yakiwaka ndani yake, mpaka mtangazaji wa redio alipomaliza kusema. Mpira ulikuwa umepita pembeni mwa vijiti. Akashusha pumzi, kisha akashusha pasi.

"Siku moja utachoma nguo ya mtu," alisema mkewe, Maximilla, aliyekuwa mlangoni akipepeta omena, dagaa wa ziwani, kwa ungo.

"Mpira ukiwa hewani siwezi kupiga pasi, Mama Elsie. Nikipiga, wanatoka."

Alikuwa dobi wa wachezaji wa kriketi wa Kisumu tangu kabla ya Uhuru. Hakuwahi kushika gongo la kupigia mpira. Mchezo aliusoma katika madoa. Goti la kijani lilikuwa la mtu aliyejitupa chini kuzuia mpira. Paja jekundu lilikuwa la mrushaji aliyeusugua mpira ung'ae. Zamani kamba yake ililemewa na suruali hizo kila Jumatatu. Siku hizi familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimehama, na upepo wa ziwani uliichezea kamba ikiwa karibu tupu. Timu yao ya mbali, hata hivyo, ilikuwa imebaki moyoni mwake kama mzigo wa nguo ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua.

Leo India ilikuwa ikimaliza siku ya tano dhidi ya Uingereza, huko Bombei. Kushinda kulikuwa kumeshindikana tangu jana. Wapigaji wawili wa mwisho walitakiwa tu kubaki uwanjani, wasitolewe, mpaka muda uishe na mchezo uwe sare.

Ogola, fundi baiskeli wa jirani, akachungulia. "Bwana Wabwire, hao watu wako bado wanakunywa chai?"

"Mapumziko ya chai yalishakwisha."

"Na leo nani anashinda?"

"Hakuna. Tukiwa na bahati."

Ogola alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Siku tano, bwana. Hata matanga ya kwetu yana mwisho." Akarudi kwenye spoki zake.

Ndipo sauti ikaanza kufifia. Asubuhi nzima betri zilikuwa zimeanikwa juu ya bati zipate nguvu, na nguvu hiyo sasa ilikwisha. Mtangazaji akawa mnong'ono, kisha kimya. Wabwire alizitoa, akapanda kigoda ili azirudishe juani. Lakini ziwa lilikuwa limeleta mawingu. Akabaki amesimama pale juu, betri viganjani, akilitazama bati lisilo na mwanga.

Maximilla aliweka ungo chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na tochi yake, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaifungua kitako na kumpa betri zake.

"Na kesho alfajiri utafikaje ufukweni kununua samaki?" aliuliza Wabwire.

"Njia naijua. Weka, Baba Elsie."

Redio ilizinduka kwa kelele za umati. Haikujulikana kama ni za furaha au msiba. Wabwire aliinamisha sikio. Walikuwa bado pale, wote wawili.

"Huyo anayepiga ni wetu?" aliuliza Maximilla, akiuchukua ungo wake.

"Wetu."

"Anaogopa?"

"Sana."

Mrushaji akaanza kukimbia. Wabwire akainua pasi. Na pale mlangoni, ungo wa Maximilla ukasimama hewani.