Mstari wa Pili

...na huu mstari wa pili mbona umefifia hivi, hebu kolea kidogo, kolea basi, simu inayokisoma kipimo kwa kamera inasema nisubiri, nisiguse kitu, nami nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikiomba kipimo cha choo changu kitoke kibaya, mtu mzima na akili zangu, lakini mstari ukibaki hafifu kliniki itaniandikia tena kwamba utumbo umetulia, endelea kujipima nyumbani, ukikolea wataniita, nitakaa tena kwenye lile benchi... "Dada, umehamia humo?" mdogo wangu huyo, anagonga mlango, "Nakuja," nasema, wala siinuki... benchi la ukuta wa kijani, ambako nafasi ya karibu na mlango wa choo huachiwa aliyezidiwa siku hiyo, hakuna aliyetutungia sheria hiyo, tulisomana tu nyuso, na Bwana Koti, nilimwita hivyo kwa sababu hakulivua hata jua liwe kali vipi, aliinuka akaniambia, "Kaa hapa dada yangu, leo utumbo wako umeushinda wangu," nikacheka huku tumbo linanisokota, mwanamume gani mwingine ningemweleza habari za damu chooni naye akaniuliza nyekundu au nyeusi kama anayeuliza chai au kahawa, nampenda, haya, nimesema, na jina lake silijui, nesi alituita kwa namba, kisha vikaja hivi vipimo vya kutumiwa nyumbani, kila mtu na simu yake, kila mtu na choo chake, na kweli ni nafuu, sisafiri tena nimeuma meno, lakini nimemkosa, jamani, nimemkosa vibaya... "Dada, nitajiaibisha hapa!" ...vumilia mama, mstari bado unajikusanya, ukikolea naitwa, naingia, namkuta... namkutaje? siku hizi wanaoitwa ni waliozidiwa tu, ili nimkute pale lazima naye awe amekonda tena, ameamka kwenye shuka lenye damu, anatembea ameshika ukuta, na mimi kila nikijipima naomba Mungu atukutanishe, kumbe naomba nini, hiyo ni dua gani ya kumwombea mtu unayempenda... la, wewe uliko kaa hukohuko, ule ushibe, ulale usiku kucha, usiitwe, nasema usiitwe kamwe, hata mimi nikiitwa, nifike pale nikukose... "Dada!" ...simu bado inasema nisubiri, "Nakuja," nasema.