Nani Afungue Albamu

Sindano alisuka nywele kwa riziki na kurap kwa raha yake, na kote kuwili hakuwahi kumpisha mtu. Saluni ilikuwa yake. Chumba cha nyuma, kilichozibwa kuta kwa magodoro chakavu ili sauti isitoroke, kilikuwa cha kaka yake. Humo kaka alikuwa na studio na lebo yake mwenyewe, haina tajiri nyuma yake wala ofisi mbele yake.

Mwaka ule kaka aliwakusanya wasanii tisa, Sindano akiwemo, wa rap ya kihuni, ile ya bunduki, visu na magereza. Kila mmoja alitoa wimbo, na zote zikaingia kwenye albamu moja, *Mtaa Hauna Mlango*. Kurekodi kulikwenda kama maji. Kasheshe ilianza kwenye kupanga nyimbo.

"Fuvu ndiye atafungua," kaka alisema, ameegemea mlango wa saluni. "Ana mashabiki. Mtu akisikia lile koo lake tu, kanunua."

"Wimbo wa kwanza ni wangu," Sindano akajibu, vidole vyake havikusimama kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. "Na usinitazame hivyo, kaka. Siombi, nakuarifu."

"Wewe ni dada yangu. Watasema damu nzito."

"Basi tuwaulize wasiotujua. Lete nyimbo zote, tuzipige hapahapa, bila kutaja jina la mtu. Wimbo utakaonyamazisha saluni ndio ufungue."

Kaka akacheka. Kunyamazisha saluni siku ya Jumamosi ni sawa na kuzuia mvua kwa kiganja. Lakini alikubali, maana alijua dada yake akishaweka neno, halirudi mdomoni. Fuvu naye akaitwa, akaja na miwani yake myeusi na mnyororo shingoni, akakaa pembeni kama mtu anayemsubiri mkewe. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Wimbo wake ukaanza. Besi ikatikisa chupa za mafuta rafuni. Fuvu wa kwenye spika akanguruma kwamba ana bunduki saba kiunoni.

"Saba?" akauliza mama mmoja muuza vitambaa, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Kiuno gani hicho? Huyo hajabeba silaha, kafungua duka."

"Na akitaka kukaa je?" mwenzake akadakia.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Fuvu akavua miwani, akaifuta, akairudisha machoni.

Ukaja wimbo wa Sindano. Wanawake wakaanza kutikisa vichwa, mpaka msusi msaidizi akalalamika kwamba mistari inampindia. "Huyu binti ana ulimi!" mama muuza vitambaa akasifu, kisha akaendelea na habari za mkwe wake pale alipoziachia. Sindano akatabasamu. Kufikia hapo hakukuwa na wa kumfikia, na yeye alilijua hilo.

Nyimbo nyingine zikapita, watu wanasifu, wanasengenya, wanaomba chai. Halafu ukaja wimbo wa Jiwe.

Jiwe alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya vyuma. Kati ya wote tisa, ni yeye tu aliyewahi kuwa kwenye genge kweli, na ndiye aliyependa kulizungumzia kidogo kuliko wote. Alirekodi mara moja, akashukuru, akarudi kazini kwake. Sauti yake haikuwa na ngurumo. Alisimulia jinsi rafiki yake alivyopigwa risasi wakiwa pamoja, na jinsi yeye alivyokimbia mpaka nyumbani.

*Mama akalifua shati, hakuuliza swali,*
*maji yakageuka rangi, yakampa jibu kali.*

Mkwe wa mama muuza vitambaa akaachwa katikati ya sentensi. Aliyekuwa akipuliza chai akaishusha. Sindano mwenyewe alishtukia vidole vyake vimesimama juu ya kichwa cha mteja, na havikuwa na habari ya kuendelea.

Wimbo ulipoisha, mama muuza vitambaa akasema taratibu, "Hebu urudie huo, mwanangu."

Kaka akamtazama dada yake. Ilimuuma Sindano, lakini hakuwa mtu wa kubishana na masikio yake mwenyewe.

"Jiwe anafungua," akasema.

"Jiwe hana hata shabiki mmoja," kaka akanong'ona.

"Anao humu ndani, wahesabu. Na mimi nafuata wa pili."

"Baada ya huyo?" Fuvu akaguna. "Nani atakusikiliza?"

"Ndiyo maana niwe mimi. Wewe ungeweza?"

Fuvu akafikiri, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Mimi niweke mwishoni. Na kaka, nifungulie studio. Nataka kupunguza zile bunduki."

Albamu ilizinduliwa katika ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki vimejaa hadi mlangoni. Jiwe alipanda na fulana yake ya kazini, akaimba macho yakiwa chini, akashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wamekaa kimya, wengine wameshika midomo, na kimya hicho ndicho alichoachiwa Sindano.

Hakungoja kipoe. Alipanda ngazi, akamwashiria kaka asipige muziki bado, akauanza ubeti wake mkavu, bila ngoma, polepole, kama mtu anayechoma sindano kwenye ngozi nene na kujua itapenya. Mstari wa nne mtu akapiga ukelele nyuma. Wa sita, safu ya mbele ikasimama. Hapo ndipo akainua mkono, kaka akaachia besi, na ukumbi mzima ukawa wake.