Wati Mia na Ishirini

Saa kumi na moja jioni binti alivua viatu vya shule, akabandika maji jikoni, kisha akachukua kipimo cha umeme cha marehemu baba yake na kugusisha nyaya zake mbili kwenye mikono ya kiti cha baba. Kiti chenyewe cha mbao, hakijaunganishwa popote. Volti mia mbili na arobaini, mkondo nusu ampea, kama jana. Aligawa volti kwa ampea: ukinzani omu mia nne na themanini. Akazidisha: nguvu wati mia na ishirini.

Mwalimu wa fizikia alishawaambia kwamba mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati mia. Baba alikuwa pandikizi la mtu, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa. Binti alijikalia, kiti kikampasha mgongo, akafungua daftari. Mama hurudi kutoka kazini saa mbili usiku, na wenzake wa darasani walishahama dawati lake.

"Usikae naye," waliambiana, wala hawakunong'ona. "Uzembe unaambukiza."

Waliyatoa kwenye taarifa ya ajali iliyomuua baba, iliyobandikwa getini kwa kiwanda. Pale kila fundi ana kufuli lake. Kabla hajatia mikono kwenye mashine, anaifunga swichi kuu na kutia ufunguo mfukoni, mtu mwingine asiwashe. Taarifa ilisema baba hakufunga. Binti alitaka kitu kimoja tu: isemwe kwamba alifunga.

Jioni hiyo alikiuliza kiti.

"Baba, ulifunga?"

Mshale ukapanda hadi ampea mbili. Ukinzani ukashuka hadi omu mia na ishirini, nguvu ikawa wati mia nne na themanini. Binti aliruka, sketi nusura iungue, akayaandika yote.

Jumamosi mama alimwita msimamizi wa kiwanda.

"Shikamoo," binti alisema, karibu asisikike.

"Marahaba, mwanangu. Lete hizo hesabu."

Alizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akapima mwenyewe. Ampea mbili.

"Hujakosea. Alifunga," alisema. "Kufuli nililikata mimi, kwa msumeno. Kazi ilikuwa imechelewa, nikadhani keshatoka kwenye mashine."

"Basi andika hivyo," mama alisema.

"Shemeji, taarifa imeshagongwa muhuri. Nikaseme nini, nimeambiwa na kiti?" Akamalizia chai yake. Mlangoni akakigeukia kiti. "Fundi, punguza moto, bwana. Unawachoma wa kwako."

Kiti hakikupunguza. Ampea mbili siku ile, ampea mbili wiki iliyofuata. Mama, ambaye hapendi kitu kiharibike bure, akaanza kuanika sare ya shule juu yake.

"Baba yako na hasira zake," alisema, akinyoosha kola. "Hata pasi siku hizi siihitaji."

Getini kwa kiwanda taarifa imevalishwa plastiki, mvua isiilowanishe.

Siku hizi hakuna anayekikalia kile kiti. Binti huandikia sakafuni, mgongo ukiwa baridi, hatua moja kutoka kitini. Amepima: akisogea mbele anaungua, akirudi nyuma hawezi kujua kama kuna mtu.