Shahidi wa Boksi la Njano

Batuli Makame alikuwa anatoka kuchukua mzigo wa vitenge, pikapu imejaa marobota hadi juu, alipofika kwenye makutano ya taa jijini Mbeya. Taa ilikuwa ya kijani na mbele yake palikuwa peupe. Akaingia kwenye boksi la njano, ile mistari iliyokatana katikati ya makutano ambayo dereva haruhusiwi kusimama juu yake. Alipofika katikati ikatimia saa sita mchana, na Shija Bujiku akaanguka mbele ya bampa.

Shija alikuwa ameuawa hapo masika yaliyopita. Alikuwa kijana mfugaji kutoka Igawa, wa familia ya Kisukuma iliyohamia Usangu na ng'ombe wake. Siku hiyo pikipiki yake ilizimika ndani ya boksi. Wa nyuma wakapiga honi, mmoja akauliza mchunga ng'ombe kaitoa wapi pikipiki mpya, na swali hilo likatosha. Walimpiga kwa mawe, kwa spana na kwa nondo, hadi taya likaachana na uso. Kadi ya pikipiki, yenye jina lake, ilikutwa mfukoni baadaye ikiwa imelowa damu.

Tangu hapo alikuwa akipigwa kila siku saa sita. Waliompiga walisharudi kwenye shughuli zao, kwa hiyo mapigo yalikuwa yanashuka yenyewe. Kichwa kilipasuka, mbavu zikaingia ndani, meno yakaruka mpaka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mapigo yakiisha, Shija aliinuka, akaokota meno yake, akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara kusubiri kesho. Madereva wa mjini walikuwa wamezoea kumkwepa. Mama mmoja anayefagia barabara alimwaga maranda juu ya damu ili matairi yasiteleze.

Batuli hakuwa amezoea, kwa sababu miezi yote hiyo alikuwa Iringa akimuuguza binti yake Naima. Alikanyaga breki. Alikaa kwenye usukani akisikiliza mapigo, na pigo moja lililomkosa Shija likavunja taa ya gari. Taa za barabarani zikageuka nyekundu, na yeye bado yuko ndani ya boksi.

Askari wa barabarani aliyekuwa zamu, Saulo, alikuja akapiga picha matairi na namba ya gari, akamwandikia faini. Batuli akamwambia mbele kuna mtu. Saulo akasema anamwona, ila kosa ni kusimama.

Wengine wangelipa siku hiyo hiyo na kusahau. Lakini Batuli alikuwa na makosa mengine nyuma, na hilo jipya lingemnyang'anya leseni, na bila leseni vitenge vyake visingefika Igawa wala Iringa. Zaidi ya hapo, maelezo ya kosa yalisema njia ilikuwa wazi. Neno hilo hakulikubali. Akakata rufaa, na akamtaja Shija kuwa shahidi wake.

Rufaa ilisikilizwa kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vya plastiki. Aliyesikiliza alikuwa mwanamke mtaratibu aitwaye Juliana. Saulo alikaa upande mmoja, Batuli upande wa pili. Shija alikuja kwa miguu, akasalimia, akakaa. Maranda yalikuwa yamemganda kwenye nywele.

Juliana akamuuliza jina, naye akalitaja kwa shida kwa sababu ya taya. Akamuuliza alikuwa wapi gari liliposimama. Shija akasema alikuwa chini ya bampa. Akamuuliza kama wakati huo alikuwa hai. Shija akajibu kwamba hapana, alishakufa. Juliana akaandika.

Hapo ikafika saa sita.

Pigo la kwanza lilimtoa kwenye kiti. La pili lilimpasua nyusi, damu ikaruka hadi kwenye kalenda ukutani. Juliana akasogeza glasi yake ya maji pembeni. Yakaendelea, mazito, bila haraka, kama ya mtu anayetwanga. Ndipo Batuli akaona mkono wa kulia wa Saulo. Ulikuwa unapanda na kushuka. Kila uliposhuka, kitu kilivunjika ndani ya Shija. Saulo aliushika kwa mkono wa kushoto, akaukalia, akaubana kwenye meza. Ulimshinda, ukapanda tena. Ulipotulia mwenyewe, shati la Saulo lilikuwa limelowa jasho na Shija alikuwa sakafuni anatafuta meno chini ya viti. Batuli akainama kumsaidia.

"Mheshimiwa," Batuli alisema, "umeuona mkono wa afande."

"Nimeuona, mama," Juliana alijibu. "Ila hapa tunasikiliza shauri la gari."

Akafungua ukurasa mpya, akauliza kama matairi ya nyuma yalikuwa ndani ya mstari au nje. Batuli akasema ndani.

Uamuzi ulisomwa kabla hawajaenda kula. Dereva anaweza kusimama kwenye boksi kwa ajili ya mtu aliye barabarani, lakini kanuni ilikuwa inazungumzia mtu hai. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Rufaa imekataliwa, dereva asalimishe leseni kesho yake jioni. Juliana akamshukuru shahidi kwa kufika, akamwambia yuko huru kwenda anakotaka.

Hakuna aliyewahi kumwambia Shija maneno hayo tangu afe. Alisimama mlangoni akiyafikiria. Kisha akamuuliza Batuli kama anaweza kumfikisha nyumbani.

Wakaondoka mchana huo. Shija alikaa mbele, Batuli akatandika kitenge kwenye kiti, na njiani hawakuzungumza sana. Jioni wakafika Igawa. Mama yake, Yunisi, alikuwa anakamua. Aliweka kibuyu chini, akamshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, akaenda kuchemsha maji. Alimwosha taratibu, akitoa maranda moja moja kwenye nywele. Baba yake, mzee Bujiku, alimkaribisha mgeni kwanza, akamshukuru kwa safari, ndipo akamgeukia mwanawe.

"Inauma bado?"

"Inauma, baba."

"Na huku itakufuata?"

"Itanifuata. Wao hawajaacha."

Mzee akaenda kuchukua ngozi ya ng'ombe, iliyo nene kuliko zote alizokuwa nazo, akaitandaza kwenye kivuli cha ukuta, ili mwanawe apate pa kuangukia. Yunisi akaongeza ya pili juu yake. Batuli alilala kwao. Asubuhi alipoaga, Shija alikuwa zizini anawapapasa ng'ombe, na wao walimfahamu.

Batuli aliingia Mbeya karibu na saa sita. Umeme ulikuwa umekatika na taa za makutano zilikuwa zimezima, kwa hiyo Saulo alikuwa anaongoza magari kwa mikono, amesimama kando ya boksi la njano. Ndani ya boksi hapakuwa na mtu. Maranda yalikuwa yamefagiliwa na mistari ilionekana vizuri.

Saa sita ilipotimia, mkono wa kulia wa Saulo ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena, ukashuka kwa nguvu. Uso wake haukuwa unaangalia popote. Madereva wakaona ni ishara ya kuruhusiwa, wakaanza kuvuka, gari moja kwa kila pigo.

Batuli aliutazama mkono ule, akajua Igawa muda huo kuna nini juu ya ile ngozi. Gari la mbele yake likavuka. Wa nyuma wakapiga honi.

Akaingiza gia, akasubiri mkono ushuke, akavuka.